Miaka 120 ya Ikhwan Safaa: Sasa Tuwataje Watunzi

Mwaka 2025 Nadi Ikhwan Safaa, chama cha taarabu cha Zanzibar, imetimiza miaka 120. Ilianzishwa 1905 katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, zama za Sultan Ali bin Hamoud, na vijana waliopenda muziki wakaamua kuukusanya chini ya paa moja. Tangu hapo visiwa vimeishi chini ya himaya ya Waingereza, vikapita katika vita viwili vikuu vya dunia, vikapata uhuru Disemba 1963, vikafanya Mapinduzi Januari 1964 na kuingia katika Muungano miezi michache baadaye. Vyama vingi vilivyozaliwa wakati mmoja na Ikhwan Safaa vimekufa na hata majina yao hayakumbukwi. Nadi hii ipo. Kwa wanachama wake wa leo, kwa wazee wake walio hai na kwa familia za waliotangulia mbele ya haki, tunasema hongereni, na tunalisema neno hilo kwa moyo mkunjufu kabisa.

Tunaliandika tukiwa Jozani, kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini, mahali ambapo mtu anaweza kudhani taarabu ni jambo la watu wa mji wenye kumbi na suti. Lakini nyimbo za Ikhwan Safaa zimelelewa huku shamba pia. Redio ilipoanza Unguja mwaka 1951, sauti ya udi na fidla ilifika Pete, Kitogani, Muungoni na Ukongoroni bila ya kumtaka mtu nauli. Wako mabibi katika vijiji hivi wanaojua beti za taarabu ya zamani kutoka mwanzo hadi mwisho, na hawajawahi kuuona uso wa mtu aliyezitunga. Wengi wao hata jina lake hawalijui. Hilo ndilo jambo tunalotaka kulisema ndani ya hongera hii: sherehe ya miaka 120 itakuwa imetimia pale watunzi watakapotajwa.

Jina la nadi lenyewe linastahili kukumbukwa. Vijana wale wa 1905 hawakulibuni, walilichukua kutoka kwa kundi la wanazuoni wa Basra wa karne ya 10, Ikhwan as-Safa, ambao waliandika risala 52 kuhusu elimu zote walizozijua, tangu hesabu na nyota mpaka maadili ya binadamu. Moja ya risala hizo ni ya muziki. Wanazuoni wale walishikilia kwamba nyuzi za udi zinafuata hesabu zile zile zinazoendesha nyota, na kwamba sauti iliyopangwa vizuri inamtengeneza anayeisikia. Kuchagua jina kama hilo kwa chama cha wapigaji muziki ni kutangaza kwamba ngoma na nyuzi ni elimu, na anayeingia ndani anakuja kusoma. Ikhwan Safaa imekaa hivyo tangu mwanzo. Aliyefika akiwa hajui kushika upinde wa fidla alifundishwa na aliyemtangulia, naye akamfundisha aliyemfuata, bila ya ada na bila ya cheti.

Kabla yake kulikuwa na muziki wa jumba la mfalme. Wazee wanasimulia kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim nchini Misri akajifunze kupiga ganuni, naye aliporudi akawa anawaburudisha watu wa kasri. Walichofanya vijana wa 1905 ni kuutoa muziki huo barazani kwa mfalme na kuuweka mikononi mwa raia. Katika miongo ya mwanzo waliimba Kiarabu, kwa mtindo wa Misri, na hatuoni sababu ya kuwalaumu kwa hilo. Walikuwa wanajifunza ufundi kwa wenye ufundi.

Ufundi huo haukuwa wa Misri peke yake. Mwanafunzi anayefundishwa leo maqamu (mpango wa sauti) ya Nahawandi mjini Unguja anapiga sauti iliyobeba jina la mji wa Uajemi. Na huko Uajemi, pamoja na nchi zote zilizoandika kwa Kifarsi, mshairi na mpigaji muziki walikuwa mara nyingi mtu mmoja. Rudaki, anayehesabiwa baba wa ushairi wa Kifarsi, aliyeishi katika karne ya 9 na ya 10 na kuwatumikia watawala wa Bukhara, aliimba mashairi yake mwenyewe huku akipiga kinubi. Amir Khusrow, aliyezaliwa 1253 na kufariki Delhi 1325, aliandika diwani kwa Kifarsi, akawa bingwa wa muziki, na waimbaji wa kawali mpaka leo wanaziimba tungo zake mbele ya kaburi la mwalimu wake, Nizamuddin Auliya, ambapo yeye mwenyewe amezikwa jirani. Watu wa India wamempa mengi, hata wakadai kwamba ndiye aliyevumbua sitari na tabla, jambo ambalo wanahistoria wengi hawalikubali. Tunaona afadhali watu wamzidishie mshairi wao sifa kuliko kumsahau.

Washairi wa Kifarsi walijilinda wasisahauliwe kwa njia rahisi sana. Katika ghazali, mtunzi hulitia jina lake katika ubeti wa mwisho. Hata mwimbaji akiwa wa karne nyingine na wa nchi nyingine, hawezi kuumaliza wimbo bila ya kulitamka jina la aliyeutunga. Na sisi Waswahili tulikuwa na desturi hiyo hiyo. Watunzi wa tenzi, kwenye kaditama, yaani beti za kufungia, hujitaja majina yao, baba zao, miji yao na wakati mwingine mwaka waliomaliza kuandika. Ndiyo maana tunawajua watu wa karne ya 18 na ya 19 kwa majina. Wimbo wa taarabu, kwa kuwa ni mfupi na umejengwa kwa beti za mishororo mitatu, haukuacha nafasi ya kaditama, na jina la mtunzi likadondoka.

Uhusiano wa Unguja na Uajemi hauhitaji kutafutwa mbali, nasi wa Kusini tunauishi. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia. Makunduchi kila Julai wanaoga Mwaka, sikukuu inayofuata kalenda ya jua ya Nairuzi, na wanawake huingia uwanjani wakiimba huku wanaume wakipigana kwa mashina ya migomba. Upande wa kaskazini wa mji kuna hamamu ya Kidichi, aliyoijenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah. Anayekwenda Makunduchi au Kizimkazi kutoka mjini hupita hapa Jozani kwanza, katikati ya miti mirefu. Tunayataja haya kwa sababu tunataka msomaji aione taarabu kama sehemu ya dunia hiyo pana ya bahari, ambayo Unguja imekuwamo kwa zaidi ya miaka 900.

Sasa tuje kwa mtu aliyeibadilisha nadi hii kutoka nje yake. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kijiji cha Unguja, karibu na mwaka 1880, na jina alilopewa kwanza lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza mjini akivinadi kwa sauti iliyowasimamisha watu. Mwaka 1911 alihamia mjini. Wakati huo mwanamke wa shamba, maskini, asiyejua kusoma, hakuwa na mlango wa kuingilia katika chama cha mabwana. Lakini Ali Muhsin, mmoja wa wanamuziki wa Ikhwan Safaa, aliisikia sauti ile na akamfundisha kupanga pumzi, kufuata maqamu na kuimba Kiarabu. Katika yote yaliyofanywa na wanachama wa nadi kwa miaka 120, kitendo hicho cha mtu mmoja ndicho kilichozaa matunda mengi kuliko vingine vyote. Hayo ni maoni yetu na tunayasimamia.

Siti akakusanya wenziwe: Subeti Ambari, Buda Swedi, Maalim Shaaban, na Mbaruk Effandi Talsam, kipofu mwenye asili ya Mombasa aliyekuwa mpigaji wa udi na mtunzi. Mbaruk ndiye tunayemtaka msomaji ampe nafasi sasa. Alikuwa mshairi na mwanamuziki kwa wakati mmoja, kama Rudaki, ambaye masimulizi ya Waajemi nayo yanamtaja kuwa kipofu. Nyumbani kwa Siti, Ng'ambo, kundi lilikutana usiku kufanya mazoezi, na majirani walijaa mlangoni na uani wakileta habari za mchana: nani amefungwa, hakimu gani amekula rushwa, tajiri gani amemdhulumu mjane. Habari zikageuzwa beti usiku huo huo. Mmoja analeta mshororo, wa pili anatafuta kina, Mbaruk anatia sauti kwenye udi, Siti anaimba, na majirani wanasema kama limekaa au halijakaa. Kiswahili kikapata taarabu yake pale, na kikaipata katika nyumba ya watu wa kawaida.

Mwaka 1928 walisafiri kwa meli hadi Bombay wakarekodi santuri za Kiswahili, na katika miaka michache nyimbo zao zilizorekodiwa zilizidi 200. Zilisikilizwa Lamu, Dar es Salaam, Kongo. Siti alifariki Julai 1950, na Shaaban Robert, malenga mkubwa wa Tanga, akaandika wasifu wake. Miaka mingi baadaye wanahabari wanawake wa Tanzania waliliita jarida lao Sauti ya Siti. Lakini muulize mtu yeyote barabarani Mbaruk ni nani, na utaona pengo tunalolizungumza. Sauti iliyoimba ilibaki, mkono uliotunga ukafifia.

Ikhwan Safaa nayo ikafuata njia ya Kiswahili, na ikaifuata kwa uzito wake, ikiwa na okestra kamili ya fidla kadhaa, udi, ganuni, nai, akodiani, selo, dumbak na rika. Hapo ndipo watunzi wa nadi walipoanza kung'ara. Iddi Abdulla Farhan alitunga, akapiga muziki, na akaona mbali kiasi cha kukaa chini na kuandika historia ya taarabu kabla haijapotea pamoja na walioiona. Seif Salim Saleh aliimba, akapiga, akatunga, na sauti yake ikafika Ulaya katika sahani zilizotolewa miaka ya 1980. Mohamed Ilyas, mwenye fidla yake na sauti tulivu, aliimba na nadi hii kabla ya kujulikana pia na kundi la Nyota Zameremeta. Mwaka 2005, nadi ilipotimiza karne moja, ilitoka sahani ya kuadhimisha miaka 100 ya taarabu ya Zanzibar, ikasikilizwa na watu wasiojua neno hata moja la Kiswahili.

Baada ya 1964 mambo hayakuwa mepesi. Nadi ililazimika kuliweka pembeni jina lake na kuitwa kwa jina la mtaa wa Malindi, na ilipita miaka mingi kabla ya kulirudia jina la waasisi. Kwa upande wa pili lilikuwapo kundi lililoanzishwa 1958 kwa jina la Shime Kuokoana, ambalo baadaye likawa Culture Musical Club na kuegemea wizara iliyosimamia utamaduni. Ushindani wa makundi hayo mawili umewafaa wasikilizaji. Kila moja lilijua kwamba likilegea, hafla ya Idi inayofuata watu watahamia kwa jirani.

Tuseme kidogo namna wimbo unavyofika jukwaani, maana wengi wanausikia ukiwa umeshaiva. Mtunzi huja na shairi lake kwenye karatasi. Mizani imehesabiwa, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vimekaa mahali pake, na mafumbo yamefichwa kiasi cha kumfanya kila msikilizaji adhani ameimbiwa yeye. Mtu wa pili, au mtunzi huyo huyo akiwa na uwezo, hulitilia sauti: achague maqamu, achague mwendo, aamue bashrafu, ule utangulizi wa ala tupu, iishie wapi na mwimbaji aingie lini. Wapigaji huifanyia mazoezi jioni baada ya jioni, kila fundi akiongeza pambo lake. Kisha ndiyo mwimbaji anasimama mbele ya hadhara. Ubeti unapomgusa mtu, huinuka polepole, akapita baina ya viti, akamtunza mwimbaji noti mkononi. Wanawake wakijipanga kutunza, ukumbi mzima hujua nani kaguswa na neno gani.

Lile neno lililomwinua mtu kitini limetoka kwa mtunzi. Yeye aweza kuwa amekaa safu ya nyuma, au yuko nyumbani amelala, au amekufa miaka 30 iliyopita. Hatusemi mwimbaji apunguziwe chochote. Sauti ni kipaji na ni kazi ngumu, na anayetunzwa anastahili. Tunasema mfereji wa heshima na wa fedha una tawi moja tu, na tawi la mtunzi halijachimbwa vya kutosha.

Marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu ni mfano unaotupa matumaini. Alizaliwa 1933, skuli yake ilikuwa chuo cha Qur'ani na bahari, na alitunga nyimbo nyingi za taarabu zilizoimbwa na wengine. Kama angeishia hapo, jina lake lingekuwa limeshaanza kufifia. Lakini mwaka 1994 mashairi yake yalichapishwa katika diwani ya Kimbunga, yakasomwa maskulini na vyuo vikuu, naye akaalikwa nchi za nje akiwa mshairi kwa jina lake kamili. Tofauti baina yake na Mbaruk ni kitabu.

Hapa Jozani tunajua kidogo kuhusu kulinda kitu adimu. Kima punju wa msitu huu hana asili mahali pengine popote duniani ila Unguja. Kwa muda mrefu wakulima walimwona ni mharibifu wa mazao yao na walikuwa na haki ya kulalamika. Mambo yalibadilika pale serikali ilipotunga sheria, ikaitangaza Jozani na Ghuba ya Chwaka kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na fedha za wageni zikaanza kugawiwa vijiji vinavyouzunguka msitu. Mlinzi mkubwa wa msitu akawa mwanakijiji anayefaidika nao. Nyimbo nazo zinaweza kulindwa vivyo hivyo: Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya 2003, na ina ofisi ya hakimiliki, COSOZA. Vyombo vipo. Kinachotakiwa ni kwamba redio inapopiga wimbo wa miaka ya 1960, au hoteli ya Nungwi inapowaimbisha vijana wimbo wa nadi mbele ya watalii, daftari liwepo linaloonyesha ni nani aliyeutunga na warithi wake ni nani. Ofisi haiwezi kumlipa mtu asiyeandikwa popote.

Kwa hiyo tunaiomba Ikhwan Safaa, katika maadhimisho yake haya makubwa, ifanye mambo ambayo hakuna anayeweza kuyafanya badala yake. Ichapishe diwani ya nyimbo zake, kila wimbo na mtunzi wake, aliyetia sauti, na mwimbaji wa kwanza. Pale ambapo jina limepotea liulizwe kwa wazee sasa, si baada ya maziko. Na katika kila hafla, mshereheshaji kabla ya bashrafu kuanza alitaje jina la mtunzi kwa kipaza sauti. Hili la mwisho halina gharama hata ya shilingi moja, na litarudisha kaditama tuliyoipoteza.

Serikali nayo isaidie. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa 2002, kimefundisha vijana kupiga udi na ganuni wakati wapigaji wa ganuni walikuwa wamebaki wachache mno, na kimepita katika vipindi vya ukata vilivyotutia hofu. Tungependa kuona mafunzo kama hayo yanawafikia watoto wa skuli za Kusini: Kitogani, Makunduchi, Jambiani. Wafundishwe nyuzi, na wafundishwe pia kutunga, kwa sababu mpigaji asiyejua vina na mizani ni nusu ya mwanamuziki wa taarabu. Siti alitoka shamba. Haji Gora alitoka kisiwa kidogo cha wavuvi. Hatujui ni mtoto gani wa Charawe au Michamvi anayehesabu mizani kwa vidole wakati huu bila ya mtu wa kumwongoza.

Na wewe msomaji una sehemu yako. Katika nyumba nyingi za Unguja bado kuna madaftari ya nyimbo yaliyoandikwa kwa mkono, mengine kwa herufi za Kiarabu, na kanda za kaseti za harusi na hafla za zamani. Mchwa na unyevu havitusubiri. Kama unalo daftari la babu au bibi yako lenye beti za taarabu, usilitupe na usiliuze kwa mgeni anayepita. Lipeleke likapigwe picha katika Nyaraka za Taifa, Kilimani, au uwaoneshe wazee wa nadi. Kama unajua nani alitunga wimbo uliomo ndani yake, liandike jina hilo juu ya ukurasa, leo, kwa wino unaosomeka.